Daftari limejaa vema, mtihani kapata 18

Swali: Mwalimu, habari za kazi? Binti yangu yuko kidato cha pili. Tangu Februari anasoma tuisheni ya hesabu na daftari lake limejaa alama za vema, lakini mtihani wa muhula kapata 18 kwa 100. Kuna mwalimu anatangaza mbinu za mkato, wiki tatu tu, kabla ya mtihani wa taifa. Nimpeleke? (Mama, Makorora, Tanga)

Jibu: Mama, usimpeleke.

Hizo vema ni za mwalimu aliyekokotoa ubaoni, binti kanakili. Leo usiku funika daftari, mpe swali moja alilopatia wiki jana na karatasi tupu. Mstari atakaokwama ndipo pa kuanzia.

Sasa hiyo mikato. Watoto wanakuja kwangu, kuanzia Ngamiani hadi Raskazone, na wimbo mmoja: namba ikivuka alama ya sawasawa inabadilika, chanya inakuwa hasi. Kwenye x + 5 = 12 wimbo unaleta 7, mtoto anapigiwa makofi. Mpe 3x = 12. Mmoja ataandika 9, maana 3 imevuka ikawa hasi. Mwingine atagawanya kwa −3 apate −4. Wote wametii walichofundishwa, na hili linaniuma kuliko uvivu wowote. Hakuna namba inayovuka! Mlinganyo ni mizani: ukitoa 5 kwenye kitanga hiki, toa 5 na kwenye kile, ukigawanya huku kwa 3, gawanya na kule kwa 3. Mtoto anayetumwa sokoni kununua unga wa kupima analielewa hilo upesi. Kisha arudishe jibu kwenye swali: 3 mara 4 ni 12, basi ni kweli. Wauza mikato hawafundishi kuhakiki, kwa sababu kuhakiki kungewaumbua.

Sehemu nazo ni hivyo hivyo. Nusu jumlisha theluthi, wengi wananiandikia 2/5, juu kwa juu na chini kwa chini. Lakini 2/5 ni ndogo kuliko nusu uliyoanza nayo! Umeongezewa mkate, umebaki na pungufu? Aliyekariri hashtuki.

Wazazi wengine pia nawaomba: anayewauzia “maswali yatakayotoka” hayajui. Anachouza ni pepa za miaka ya nyuma, na mtoto aliyekariri majibu yake hukwama namba zikibadilishwa tu. Pepa hizo ni nzuri kwa anayezifanya mwenyewe, akakosea, akatafuta alipokosea.

Binti yako arudi kwenye sehemu na namba hasi, nusu saa kila jioni, maswali matano tu. Najua ni mambo ya shule ya msingi na ataona aibu, kaa naye. Na ukienda kwa mwalimu wake wa sasa, usimuulize amefika mada ya ngapi. Mwombe karatasi moja ambayo binti kakosea, akuonyeshe ni mstari upi.