Re: Ombi la ruzuku ya bustani limerudishwa, tufanyeje?

Habari ndugu, pole. Umesema ombi la kikundi chenu limerudi na maneno "uendelevu haujaonekana", yaani haionekani bustani itadumu vipi, na mna barua ya mwenyekiti wa mtaa. Fomu yenu sijaiona, ila anza na hiyo barua. Inawatambulisha tu, ruhusa ya kutumia eneo la wazi inatoka halmashauri, upande wa mipango miji. Omba iandikwe muda, angalau miaka mitatu, na mipaka ichorwe. Mfadhili hawezi kuweka tanki mahali mnapoweza kuondolewa kesho.

Kisha maji, na hapa ndipo bajeti nyingi zinapoanguka. Mboga za majani wakati wa kiangazi zinataka kama lita 5 kwa mita moja ya mraba kila siku. Matuta yenu ya mita 150 za mraba yatakunywa lita 750, kwa hiyo tanki la lita 2,000 mliloandika halimalizi siku tatu. Onyesheni litajazwa na nini. Paa la mita 60 za mraba, mvua ya milimita 20, linatoa takriban lita 1,000 ukishatoa zinazopotea. Kiangazi mtanunua, basi semeni hela itatoka wapi: ada za wanachama au mauzo ya mchicha.

Nguvu kazi yenu nayo ihesabuni kama mchango: idadi ya watu, mara siku, mara malipo ya kibarua ya siku hapo mtaani. Ambatisheni profoma (karatasi za bei kutoka kwa muuzaji) za tanki na bomba, na akaunti iwe ya kikundi, siyo ya katibu.