Waifai haifiki uani? Angalia soketi kabla ya kununua ruta nyingine

Dada mmoja wa Kinyerezi kaniandikia: "Kaka, ruta ipo sebuleni, mimi nafanyia kazi banda la uani. Nikiingia kikao tu, sauti inakatika. Ninunue ruta kubwa?" Dada yangu, usitoe hela kwanza.

Nyumba yangu ya Tabata ni ya bloku na zege, na chumba cha kazi kiko nyuma ya jiko na stoo. Fundi aliyenifungia faiba alisema dawa ni kutoboa kuta na kuvuta kebo, akataja bei ambayo mpaka leo inanichoma. Shemeji naye, niliposema nitapitisha intaneti kwenye nyaya za umeme, alicheka mbele za watu: "Utatuunguza!" Siku hizi yeye ndiye wa kwanza kufika uani kwangu mpira ukianza.

Vifaa vya kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme ni adapta za "powerline", na huuzwa mbili mbili. Moja unaichomeka karibu na ruta na kuiunga kwa kebo fupi, nyingine unaichomeka kule unakotaka mtandao. Umeme wetu ni wa hezi 50. Data hupita kwenye waya uleule kwa masafa ya kuanzia megahezi 2, hivyo haviingiliani. Bonyeza vitufe vya kuziunganisha, mawasiliano yafungwe kwa siri, maana nyaya za wapangaji huchangamana.

Chomeka ukutani moja kwa moja. Ukutani, nasema, si kwenye ekstensheni! Kwangu taa ya adapta ilikuwa kijani, pampu ya kujaza simtanki ikiwaka inageuka nyekundu na kikao kinaganda. Nikahamia soketi ya ukuta wa pili, mbali na pampu, ikatulia.

Sasa, banda likiwa na mita yake ya LUKU, usitegemee sana. Umeme wa njia tatu (fezi tatu) nao unaweza kukukwamisha, soketi zikiwa njia tofauti. Na ndugu zangu, tuache kununua namba za kwenye boksi! Adapta nyingi zilizoandikwa 600, yaani megabiti kwa sekunde, zina tundu la kebo lisilozidi megabiti 100, na waya mkuukuu unapunguza tena. Muulizeni muuzaji kuhusu tundu, na mkubaliane kabisa kurudisha mzigo ukigoma.

TANESCO wakikata, hata ruta iwe na betri, uani hakuna kitu.