Ndege ya Mezani na Ndege ya Bandani: Kwa Nini Wajenzi Wake Wafanye Kazi Pamoja

Kwa miaka sita nimekuwa mwanachama wa makundi mawili yanayotumia kiwanja kimoja kidogo cha ndege huku Wisconsin, Marekani, ninakoishi tangu nilipohama Tanga. Kundi la kwanza ni la watu wanaojenga ndege ndogo za modeli na kuzirusha kwa rimoti. Kundi la pili ni la watu wanaojijengea ndege kamili, za kubeba mtu, kwenye mabanda ya magari nyumbani kwao au kwenye mabanda ya pale kiwanjani. Nilipojiunga, makundi haya yalikuwa hayapikiki chungu kimoja. Wa ndege kubwa waliwaona wenzao kuwa watu wazima wanaochezea midoli, na wa modeli waliamini kwamba wale wa ndege kubwa wanatafuta kisingizio tu cha kuwafukuza kiwanjani. Leo, miezi ya baridi ikifika, tunakutana kila Alhamisi jioni katika banda moja. Ninaandika haya kwa ajili ya yeyote aliye upande mmoja na anayetaka kuufikia ule wa pili, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba kila upande unajua jambo ambalo upande mwingine unalihitaji ili watu wake wasiumie.

Utengano huu hauna mizizi ya kale. Wilbur na Orville Wright walianza kuvutwa na urukaji mwaka 1878, baba yao alipowaletea helikopta ndogo ya kuchezea iliyozungushwa kwa nguvu ya utepe wa mpira, iliyotokana na ubunifu wa Mfaransa Alphonse Pénaud. Mwaka 1901, hesabu zao za mabawa zilipogoma, walitengeneza vibawa vidogo vya bati na kuvipima ndani ya sanduku la kupitishia upepo, na majibu ya vibawa hivyo ndiyo waliyoyatumia kuijenga ndege ya mwaka 1903. Paul Poberezny, aliyeanzisha chama cha wajenzi wa ndege za nyumbani cha EAA mjini Milwaukee mwaka 1953, alikuwa kijana wa shule wakati mwalimu wake alipompa ndege mbovu isiyo na injini, akaitengeneza mwenyewe na kuirusha. Chama cha wanamodeli, AMA, kilikuwa kimekwisha kuwapo tangu mwaka 1936.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Burt Rutan, ambaye tangu utotoni alikuwa akibuni modeli na kushinda nazo mashindano. Alipokuwa akiibuni VariViggen, ndege yake ya kwanza ya kubeba mtu, hakuwa na fedha za kukodi chumba cha kupimia kwa upepo, basi akafunga modeli yenye vipimo juu ya paa la gari lake na kuliendesha barabarani huku akisoma nguvu zinazoisukuma. VariViggen iliruka mwaka 1972. Miaka mitatu baadaye ikaja VariEze, iliyojengwa kwa povu gumu lililokatwa kwa waya wa moto na kufunikwa kwa faibaglasi, kazi ambayo mwanamodeli yeyote angeitambua mara moja. Voyager, aliyoibuni yeye, iliizunguka dunia mwezi Desemba 1986 kwa siku tisa bila kutua wala kuongeza mafuta.

Nianze basi na kile ambacho mwanamodeli anaweza kumpa mjenzi wa ndege kamili, na hapa nitakaa kidogo.

Kitovu cha uzito cha ndege ya modeli, yaani mahali ambapo uzito wa mbele na wa nyuma unalingana, hutafutwa kwa vidole viwili. Unaishikilia ndege chini ya mabawa kwa ncha za vidole vya shahada, kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa ukihesabu kutoka ukingo wa mbele, kisha unaiacha itulie yenyewe. Ikiinamisha pua kidogo, uko salama. Ikiinamisha mkia, hairushwi. Wanamodeli wana msemo kwamba ndege yenye pua nzito huruka vibaya, na yenye mkia mzito huruka mara moja tu. Mtu aliyekwisha kuvunja ndege tatu kwa sababu hiyo hahitaji kuelezwa tena. Mjenzi wa ndege kamili, kwa upande wake, huiweka ndege juu ya mizani mitatu, mmoja chini ya kila gurudumu, huzidisha kila uzito kwa umbali wake kutoka alama maalumu, hujumlisha na kugawanya, na hupata jibu sahihi kwenye karatasi. Lakini wengi wao hawajawahi kuona kwa macho ndege ikipoteza utulivu, kwa kuwa anayeliona jambo hilo kutoka ndani ya ndege kamili huenda asipate nafasi ya kulisimulia.

Katika kundi letu kuna mzee mmoja, fundi mitambo mstaafu, aliyekuwa akijenga ndege ya viti viwili ya plaiwudi na faibaglasi yenye mabawa ya mita 8 kutoka ncha hadi ncha. Ili apate nafasi mbele, alihamishia betri nyuma ya viti. Hesabu zake zilionyesha kwamba ndege bado imo ndani ya mipaka, ingawa kwa kunusurika, naye aliridhika. Nilimwomba ruhusa ya kuijenga modeli ya robo ya ukubwa huo. Hapa kuna hesabu ambayo wajenzi wengi hushangaa wakiisikia kwa mara ya kwanza: urefu ukigawanywa kwa 4, uzito unaofaa hugawanywa kwa 64 na kasi hugawanywa kwa 2 tu. Ndege yake ilikadiriwa kuwa na kilo 500, kwa hiyo modeli yangu ya mita 2 ilipaswa kuwa na kilo 7.8, na iwapo ndege kamili itahitaji kilomita 80 kwa saa ili isianguke, modeli itahitaji kama 40.

Tuliweka kipande cha risasi ndani ya mwili wa modeli na kukisogeza ili kitovu cha uzito kirudi nyuma nusu sentimita kabla ya kila mruko. Miruko mitatu ya kwanza haikuwa na neno. Katika mruko wa nne, kitovu kikiwa kimerudi sentimita 2, ambazo kwenye ndege yake ni sentimita 8, nilivuta fimbo kidogo na kuiachia, na pua haikurudi chini. Iliendelea kupanda yenyewe, nami nikawa naikimbiza kwa vidole, chini, juu, chini, hadi nilipofanikiwa kuitua kwa kishindo kwenye majani. Yule mzee alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakusema kitu jioni ile. Wiki iliyofuata nilikuta betri imehamishiwa mbele, kwenye ukuta wa injini.

Ni lazima niongeze tahadhari, kwa sababu modeli inaweza pia kudanganya. Hewa haipungui ukubwa pamoja na ndege. Kwenye bawa dogo linalokwenda polepole hewa hujiendesha kana kwamba ni nzito na yenye kunata zaidi, na bawa la modeli huacha kubeba mapema kuliko la ndege kamili lenye umbo lilelile. Hicho ndicho kinachopimwa kwa namba ya Reynolds, na katika modeli ya robo namba hiyo huwa moja ya nane ya ile ya ndege yenyewe. Kwa hiyo iamini modeli inapokueleza kuhusu mizani na utulivu, lakini usichukue kutoka kwake kasi ya chini kabisa ya kubaki hewani ukaiandika kwenye kitabu cha ndege utakayoipanda.

Sasa upande wa pili, na hapa nitasimulia kosa langu. Miaka minne iliyopita nilifungua bawa la modeli yangu kubwa kuliko zote ili kubadilisha servo, kimota kidogo kinachosogeza eleroni, yaani vibamba vya nyuma ya bawa vinavyoilaza ndege kushoto au kulia, nikalifunga tena, nikawasha, nikaona eleroni zinacheza, nikaridhika. Mruko ulidumu kama sekunde nne. Bawa la kushoto liliinama, nikasukuma fimbo kulia, likainama zaidi, na ndege ikaingia kwenye shamba la mahindi. Nilikuwa nimezichomeka nyaya kinyume, na kuona kwamba eleroni zinacheza hakukunionyesha zinacheza kuelekea wapi. Mwanachama mmoja wa kundi la ndege kamili alinisaidia kuokota vipande, na njia nzima aliniuliza swali moja tu: «Nani alikuangalizia?» Hapakuwa na mtu. Kwetu sisi wa modeli kuangaliziwa na mwingine halikuwa jambo la kawaida, wakati kwao ndege haitoki bandani bila jicho la pili, kwa kuwa kosa hilohilo la nyaya zilizopishanishwa limeua marubani.

Utaratibu wao nimeuchukua kama ulivyo, na ninakusihi uuchukue. Mmoja anashika fimbo. Mwingine anasimama kwenye ncha ya bawa na kutamka kwa sauti kile anachokiona, bila kuambiwa mapema anatarajiwa kuona nini: «eleroni ya kulia imepanda», «ya kulia imeshuka», «usukani umeenda kushoto». Anayeshika fimbo hukaza kidole gumba kikiwa kimesimama juu. Fimbo ikilazwa upande wowote, gumba litaelekea upande ambao eleroni inapaswa kuwa imepanda. Kazi hii haimalizi dakika mbili, iwe ndege ina kilo 2 au kilo 500.

Walinifundisha pia kuandika. Sheria ya Marekani humtaka mjenzi wa ndege ya nyumbani athibitishe kwamba sehemu kubwa ya ujenzi, ile inayotajwa kuwa asilimia 51, imefanywa na watu wasio wa biashara, kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Kwa hiyo wanapiga picha kila ubavu wa bawa, wanaandika tarehe, idadi ya saa, hata joto la chumba siku gundi ya epoksi ilipochanganywa. Nilipoanza kuandika hivyo kwa modeli zangu niligundua kwamba viungo vilivyokuwa vikiachia vyote nilivigundisha siku za baridi kali.

Ukitaka kuanzisha ushirikiano wa namna hii, usianze kwa mkutano wa viongozi. Sisi tulijaribu, tukaambulia malumbano kuhusu nani afyeke nyasi. Anza na kazi moja yenye mwisho unaoonekana: modeli ya ndege ambayo mwenzako anaijenga, au jioni moja ya kukata povu na kulaza faibaglasi, kila mtu akiwa na kipande chake mkononi. Watu wanaoshiriki msasa hawachukui muda mrefu kuheshimiana. Mwalike pia mmoja wa wale wanachama wa EAA wanaojitolea kutembelea kazi za wajenzi na kuzikagua. Macho yao huona hitilafu hata kwenye modeli.

Suala la anga lenyewe si gumu likiandikwa mapema. Huku modeli za burudani hazipaswi kuvuka futi 400, yaani takriban mita 120, katika anga isiyodhibitiwa, na daima huipisha ndege yenye mtu. Hatari iko pale ndege kamili inapopaa au kutua. Tulikubaliana saa zetu na meneja wa kiwanja, na mmoja wetu hukaa na redio ya mkononi akisikiliza marubani, akisema «chini» tunashusha zote bila mjadala. Jambo jingine dogo lenye uzito mkubwa ni betri za lithiamu. Usizichajie kamwe ndani ya banda lenye petroli na viyeyusho vya rangi. Tuna sanduku la chuma nje, juu ya sakafu ya saruji, na hakuna anayeruhusiwa kuondoka wakati chaji inaendelea.

Faida kubwa imewafikia vijana. Tangu mwaka 1992 EAA imewarusha bure zaidi ya watoto milioni 2 katika mpango wake wa Young Eagles, lakini mruko mmoja huisha baada ya dakika ishirini na mtoto anarudi nyumbani. Siku hizi upo mpango ambao matawi ya EAA, yakisaidiana na AMA, huwapa vijana modeli ya mti wa balsa waijenge wenyewe kisha wafundishwe kuirusha. Mtoto anayekaa miezi mitatu akilinganisha mbavu za bawa haondoki tena kirahisi.

Ninapolitazama hili huwafikiria vijana wa kwetu, Kenya na Tanzania, ambao mara kwa mara tunawaona katika habari wamejenga ndege uani kwa mabati na injini ya pikipiki, kijiji kizima kikiwa kimekusanyika. Bidii yao hunigusa sana, na kila mara najiuliza kama kuna aliyewaambia waanze na robo ya ukubwa. Modeli ya povu inaweza kumwonyesha kijana huyo kwa gharama ndogo kwamba mkia ni mzito, kabla hajaketi ndani. Aombe kwanza kibali kwa mamlaka ya usafiri wa anga, kwa kuwa vyombo vya kurushwa kwa rimoti vina kanuni zake, kisha amtafute fundi wa ndege mmoja atakayekubali kuja kutazama.

Yule mzee aliirusha ndege yake mwezi Septemba uliopita. Asubuhi ile tulikuwa watu kama kumi na watano bandani, nusu wa modeli, nusu wa ndege kamili. Alipanda, akafunga mikanda, kisha akaniita mimi, si mmoja wa wenzake wa miaka yote, nikasimame kwenye ncha ya bawa. Alikaza gumba na kuilaza fimbo. «Ya kulia imepanda,» nikasema. Akailaza upande wa pili, nami nikasema tena.