Ugali wa mtama tu na tumbo bado linajaa? Angalia mashine

Pole dada. Umesema dokta alishakuambia ni siliaki (ule ugonjwa ambao utumbo unadhurika na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na shayiri), ukaacha chapati na mkate, unakula ugali wa mtama na mlenda na bado tumbo linajaa na kuharisha. Mi mwanangu anayo hii kitu na kilichotusumbua sana ni mashine ya kusaga!! Mtama, uwele, ulezi, mahindi havina gluteni kabisa, ila ukipeleka mashine ambayo aliyekutangulia kasaga ngano, ule unga uliobaki mule ndani unatokea kwako, na usidanganyike kuwahi asubuhi, unga wa jana bado upo. Tafuta mashine isiyosaga ngano kabisa, hata kama ni mbali. Uji wa lishe wa kununua muulize vizuri muuzaji, wengine wanachanganya ngano humo.

Chipsi nazo, viazi havina shida lakini kama mafuta ndo yaleyale ya sambusa na maandazi basi imekula kwako. Mishkaki ulizia kama wameweka soya sosi, watu wanajua ni soya tupu kumbe nyingi zina ngano. Soseji pia, na vinywaji vya malti maana ile ni shayiri, bia usiseme. Kwenye pakti ukiona wheat, barley, rye au malt rudisha.

Dawa nazo muulize mfamasia kama zina gluteni. Na nyumbani uwe na mwiko wako na chujio lako, mi nilimficha mama mkwe cha mtoto maana alikua anachujia ngano kila siku 😅

Ukibadilisha yote hayo na bado, rudi kwa dokta.