Mastajiere wapya, ile namba ya tansiyo msiiandike haraka

Karibuni Bukavu, mastajiere (wenye mumekuja kujifunza kazi ya kutunza wagonjwa), na wenye mumezaliwa hapa karibuni ku kazi. Niko enfirmye (muuguzi), tansiyo, ile presha ya damu, napima kila siku, kwa hiyo leo nasema juu ya tansiyo tu, mambo ya malaria na perfizyo wengine watawaambia. Kazi ya kwanza watakupatia asubuhi ni hii: "kamata parametre (vipimo vya kwanza) ya ule mulolongo wote". Utakuta benchi imejaa, watoto wanalia, titulere (mkuu wa kituo) anapita anakuuliza umefika wapi, na mkono unaanza kukimbia wenyewe. Hapo njo shida inaanzia. Juu ile namba utaandika ku fishi (karatasi ya mgonjwa), dokta mara mingi hairudilii, anaiamini vile iko, na kutoka hapo mutu anaweza kuanza dawa zenye atakunywa miaka yote yenye imebaki, ao anaweza kurudishwa nyumbani na tansiyo ya kweli yenye hakuna mwenye aliiona.

Sasa fikiri mji wetu vile uko. Mutu anatoka soko ya Kadutu, amepanda ngazi za udongo na basini ku kichwa, anafika jasho linatoka, unamukalisha na unafunga brasari (ule mkanda wa mkono wenye unajaa hewa) palepale. Unapima mulima, haupime mutu. Mwache akae dakika tano, kabisa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote mbili chini bila kukunjana, mkono uko juu ya meza usawa wa moyo, si wewe umeushika kwa juu na si yeye ameuning'iniza. Muulize kama alikunywa kahawa ao alivuta sigara kwa ile nusu saa ya mwisho, na mwambie kwanza aende akojoe, juu kibofu chenye kimejaa kinapandisha namba. Na kuongea pia! Hii ya kuongea njo inatushinda sisi watu wa huku, unapompa ile salamu ya "habari ya nyumba, habari ya watoto, na mzee je" hewa iko ndani ya brasari, yeye anajibu kwa heshima yote, na namba inaweza kupanda hata 10 kwa sababu ya salamu tu. Msalimie vizuri, maliza, halafu wote mnyamaze.

Brasari yenyewe. Ule mpira wa ndani unapaswa kuzunguka mkono kwa asilimia 80 ao zaidi. Mkono munene na brasari ndogo inatoa namba ya uongo yenye iko juu, mkono mwembamba na brasari kubwa inatoa ya chini. Sehemu nyingi kuko brasari moja tu, ya saizi ya katikati, na inafungwa kwa kila mutu kutoka kijana wa masomo mpaka mama wa maduka. Kulikuwa mama moja mukubwa wa mwili, stajiere alipima akapata 168/102, tayari watu wanaongelea dawa. Nikaangalia: mkono wa blauzi ya kitenge umekunjwa umebana juu kabisa, brasari inajifungua pembeni kila mara inapojaa hewa. Tukamwomba atoe mkono mzima kwenye blauzi nyuma ya pazia, tukaazima brasari kubwa ku chumba cha pili, tukamwacha apumzike. 138/86. Yule mama si mugonjwa wa kuanza dawa siku ile, ni mutu wa kurudi tumuangalie tena, na hiyo ni tofauti kubwa sana kwa mfuko wake na kwa usingizi wake.

Kwa wenye wanatumia ile mashine ya saa yenye sindano (mshale) na stetoskopi: mbele ya kupampu, angalia sindano iko ku zero. Kama inalala ku 6 ao 8 na hewa haimo, ile mashine inakudanganya na inataka kurekebishwa, usiseme "nitatosha tu 8 ku kichwa". Kisha shika mshipa wa mkono kwa vidole, pampu mpaka mapigo yapotee, ongeza 30 juu yake. Kwa nini usumbuke hivyo? Juu kuko watu, zaidi wazee wenye tansiyo kali, sauti zinaanza juu, zinapotea katikati, halafu zinarudi. Ukipampu mpaka 150 kwa mazoea utaanzia ndani ya ule unyamavu, utasikia sauti ya kwanza ku 144 na utaandika 144 wakati mutu iko na 190. Vidole havidanganyiki namna hiyo. Halafu fungulia hewa polepole, milimita 2 ao 3 kwa sekonde, sauti ya kwanza njo namba ya juu, fasi sauti zinapotea kabisa njo ya chini. Hizi sauti Mrusi moja, Nikolai Korotkov, alizieleza mwaka 1905, na mpaka leo hakuna njia ya mkato.

Kitu kingine kidogo chenye kinanichoma roho: fungua rejista ya wiki yoyote uangalie namba zinaishia wapi. 120/80, 130/80, 140/90, 120/70, zote zero zero zero. Mwili wa binadamu haupendi zero namna hiyo, hapo kuko mutu alikuwa anakisia. Saa ya sindano iko na vistari vya mbili mbili, kwa hiyo andika 134, andika 146, andika vile ulisikia. Kwetu tena kuko ile desturi ya Kifaransa ya kusema kwa santimeta, mgonjwa anakuambia "mimi niko na 16 kwa 9", ni sawa kwa kuongea naye, lakini ku fishi usiandike hivyo, juu 16 inaweza kuwa 156 ao 164.

Pima mara mbili, hata tatu, na dakika moja katikati, uchukue wastani wa zile mbili za mwisho. Siku ya kwanza pima mikono yote miwili, na ule wenye uko juu njo utaendelea nao. Na ukipata 140/90 siku moja, bado hamna jina la ugonjwa, mutu arudi siku ingine, juu tansiyo inaitwa ugonjwa ikifika hapo ao ikipita hapo siku mbili tofauti. Kuko wenye wanaogopa tu blouse yetu nyeupe. Akiwa na mashine nyumbani, ya mkono wa juu siyo ile ya kifundo, apime asubuhi na jioni, mara mbili mbili, siku saba, namba za siku ya kwanza muzitupe, na kule nyumbani mpaka wa kuita ugonjwa unashuka kidogo, 135/85.

Haya, sababu za tansiyo. Wagonjwa watakuambia inatoka ku mawazo. Usibishane nao, huku mawazo hayakosekane na yanapandisha kweli, lakini usiishie hapo juu ukiandika "stress" umemaliza kufikiri. Kwa watu tisa kati ya kumi ao zaidi hauwezi kushika sababu moja, ni mchanganyiko: ukoo, umri, chumvi, uzito, pombe, kukaa bila kutembea. OMS (shirika la afya duniani) inasema chumvi isipite gramu 5 kwa siku, hiyo ni kijiko kimoja cha chai, na ni ya chakula chote. Ukimuuliza mama "unakula chumvi mingi?" atasema hapana, wote wanasema hapana. Muulize alipika nini jana. Makayabo, ile samaki ya chumvi? Aliilowesha usiku mzima na kubadilisha maji, ao aliiosha mara moja tu? Vikube vya supu alitia ngapi mu sombe? Hapo njo utaipata chumvi. Na pombe usiulizie bia tu, ulizia kasiksi na kanyanga, juu wengine kwao kasiksi si pombe, ni kinywaji cha kupokelea wageni.

Ile sehemu yenye mastajiere wanarukaka ni dawa zenye mutu anakunywa tayari. Papa wa kubeba mizigo anakunywa diclofenac ao ibuprofen kila jioni juu ya mgongo, hizo zinapandisha tansiyo na zinachosha figo, na yeye hatakutajia juu kwake hiyo ni "ya maumivu", si dawa. Dada anakunywa dexa (dexamethasone, dawa ya aina ya corticoïde) ili anenepe, nayo inapandisha. Mwengine anapaka krimu ya kung'arisha ngozi yenye iko na corticoïde ndani, miaka, mwili mzima, na inaingia mpaka damu. Vidonge vya uzazi wa mpango pia, kwa wengine. Uliza kwa upole na nje ya masikio ya benchi, usipige kelele "mama, unajichubua?" mbele ya watu wote, hatakuambia kitu tena.

Na ukiona kijana, chini ya miaka 30, tansiyo iko juu, usimwache aende na kidonge tu. Angalia uso kama unavimba asubuhi, muulize juu ya mkojo kama unatoa povu ao umebadilika rangi, tia banderole ya mkojo (kile kikaratasi cha kupimia mkojo), mara mingi figo njo ziko nyuma. Shika na mapigo ya mapaja pia, kama ya mikono inagonga vizuri na ya mapaja iko dhaifu, mwambie dokta, inaweza kuwa mshipa mkubwa umebana tangu kuzaliwa. Kwa mwenye anakunywa dawa tatu vizuri na haishuki, dokta atafikiria mambo ya aldosterone (homoni yenye inashika chumvi mwilini) na mengine, lakini mbele ya hapo hakikisha kweli anazikunywa.

Matatizo yenye tansiyo inaleta mulisoma darasani, sitarudilia yote. Moyo unafanya kama mukono wa mubebaji wa Beach Muhanzi, unabeba mzigo kila siku unanenepa, tofauti ni kwamba huu ukinenepa unakuwa mgumu, haujai damu vizuri, na mwisho wake unachoka: mutu analala na mito mitatu, miguu inavimba, anakosa pumzi kwa ile ngazi yenye alikuwa anapanda bila shida. Ubongo ni avese (kiharusi), mdomo unaenda pembeni, mkono unaanguka, na ukiona vile uliza saa ngapi ilianza, andika ile saa. Figo zinaharibika kimya. Macho pia. Hiyo ya kimya muishike vizuri, juu watu wengi wanangojea kichwa kiwaume ndipo waamini wako na tansiyo, na wengi wenye 170 hawasikii kitu chochote.

Sasa hapa munisikilize vizuri juu nimeona vijana wenye roho nzuri wakikosea. Mutu amekaa, anaongea, anacheka, hana shida, na mashine inasema 190/112. Pima tena kwanza. Ikibaki vile, haraka si dawa. Usimtie nifedipine (kidonge cha kushusha tansiyo) chini ya ulimi ili ishuke mbele ya macho yako, ile desturi ya zamani inaangusha tansiyo kwa ghafula na ubongo ao moyo wenye umezoea juu unakosa damu, mutu anaweza kupata avese mikononi mwako. Anaonwa na dokta siku ileile, anaanzishiwa ao anarudishiwa vidonge vyake, tansiyo inashuka polepole, na karibuni sana anarudi kupimwa. Dharura ni kitu kingine: namba ya juu PAMOJA na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kuchanganyikiwa, macho kuona giza, upande moja wa mwili kulegea. Huyo hakai ku benchi hata dakika moja.

Kufuatilia njo kazi ndefu, na hapa kaye (daftari) ya mgonjwa inasaidia kuliko mashine yoyote. Ripoti ya OMS ya mwaka 2023 ilisema karibu watu wanne kwa watano wenye tansiyo duniani hawatunzwi vya kutosha, na ukikaa huku miezi michache utaelewa kwa nini. Mutu anakunywa dawa mwezi moja, anapimwa 128/80, anasema "nimepona, asante Mungu", anaacha. Mueleze kwamba ile 128 ni dawa njo inaishika. Mwengine anaacha juu pesa imeisha, ao alikimbia kijiji na dawa zilibaki nyumba, na huyo ukimfokea hatarudi, muulize tu "vidonge vya mwisho ulikunywa lini?" na si "unakunywa dawa?", juu hiyo ya pili jibu ni ndiyo kila siku. Mwengine anaacha juu dawa inamsumbua na hakuna mwenye alimuonya: amlodipine inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu, captopril na enalapril zinaleta kikohozi kikavu chenye hakiishi (na anaenda kununua siro ya kikohozi, pesa inaisha mara mbili), hydrochlorothiazide inakojoza kwa hiyo ikunywe asubuhi. Akijua mapema atarudi abadilishiwe. Koko (mzee) mwenye anakunywa dawa mupime amekaa, halafu amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu, ikianguka 20 ao zaidi kwa namba ya juu mwambie dokta mbele hajaanguka yeye mwenyewe usiku akienda choo.

Wamama wa CPN (kliniki ya wajawazito) nimewaacha mwisho juu kwao hakuna "arudi wiki ijayo". Mimba imepita wiki 20 na tansiyo iko 140/90, mupumzishe, pima tena, tia banderole ya mkojo palepale, kama kuko protini hiyo ni preeklampsia (tansiyo ya mimba yenye inaweza kuleta degedege) mpaka dokta aseme vingine. Muulize kichwa, macho kuona nyota-nyota, maumivu chini ya mbavu upande wa kuume. Ikifika 160/110 hatembei peke yake kwenda ku hospitali na hapandi pikipiki ya abiria, anaenda amesindikizwa, na kama fasi yenu kuko sulfate ya magnesium (dawa ya kuzuia degedege) dozi ya kwanza inatolewa mbele ya kusafiri. Angalia pia kama alikuwa na dawa za tansiyo mbele ya mimba, juu captopril na enalapril zinaumiza mtoto, dokta atambadilishia methyldopa ao nifedipine ile ya kufanya kazi polepole. Na akisha kuzaa usifunge fishi, degedege inaweza kuja hata siku kadhaa nyuma ya uzazi, wakati ndugu wamejaa nyumbani wanashangilia mtoto na hakuna mwenye anauliza mama kichwa kinaumaje, kwa hiyo mbele hajatoka maternite mwambie yeye pamoja na mama mkwe wake ishara zenye zinamrudisha mbio, na umpe siku ya kurudi kupimwa kwa hiyo wiki ya kwanza.