Shule hataki, madrasa anakimbilia

Kijana wangu wa pili tunamwita Babu, maana kachukua jina la marehemu baba yangu. Alikuwa darasa la tatu alipoigomea shule. Ilianza kwa tumbo. Jumatatu tumbo, Jumanne kichwa, Jumatano kiatu hakionekani, na kiatu chenyewe nikaja kukikuta ndani ya ndoo ya mchele. Mwisho akaacha visingizio. Akakamata nguzo ya kitanda, akasema haendi, na usoni mwake sikuona ukaidi. Niliona hofu.

Mama mkwe akashauri akasomewe. Baba yake ni dereva wa malori, akapiga simu kutoka Tunduma: "Mchape, ataenda." Nikamchapa. Naliandika hili kwa aibu. Alikwenda siku mbili, siku ya tatu akapotelea njiani, na saa sita mchana nikaletewa na mvuvi aliyemkuta amekaa nyuma ya ngalawa na sare zake. Tangu siku ile fimbo niliiweka chini.

Kilichonizindua ni madrasa. Kila alasiri Babu alikuwa akivaa kanzu mwenyewe, bila kuhimizwa, juzuu kwapani, mbio. Nikajiuliza, mtoto aliyechoka kusoma anakimbilia nini huko? Nikaenda kwa maalimu kwa kisingizio cha kupeleka ada, nikakaa barazani nikasikiliza. Watoto wanasoma wote kwa pamoja, kwa mahadhi, na sauti ya mwanangu imo humo, imenyooka kama uzi.

Babu ana kigugumizi. Nyumbani tumekizoea hata hatukisikii tena. Nami sikuwa nimewahi kutia akilini kwamba mtu mwenye kigugumizi akiimba, au akisoma pamoja na wenziwe, aghalabu ulimi humfunguka.

Usiku ule, taa imezimwa, nikamuuliza: "Babu, huko shuleni mnasomaje?" Akakaa kimya muda mrefu. "M-m-mmoja mmoja. Mbele." Yaliyobaki niliyachota kidogo kidogo kwa siku tatu: kwamba aliitwa kusoma, akakwama kwenye neno la kwanza, darasa likaanza kumpigia makofi ya mdundo, mwalimu akadhani analeta masihara, akala viboko. Na haikuwa mara moja.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, kabla hujafikiria kumsomesha mtoto nyumbani, tazama kwanza ni wapi anakokwenda kwa hiari. Iwe madrasa, kwaya, mpira au dukani kwa mjomba. Mtoto wangu nilikuwa nikimwuliza kwa nini hataki shule na hakuwa na jibu. Maalimu hakuniambia kitu, lakini jibu nililipata barazani kwake.

Hasira zilinituma nimtoe shule kabisa. Shoga yangu ambaye ni mwalimu akanishika mkono. Hapa Tanzania, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi aandikishe mtoto shule ya msingi na ahakikishe anahudhuria. Ukimficha ndani kimyakimya unajitafutia makubwa. Tena mitihani, ule wa darasa la nne na ule wa kumaliza shule ya msingi, mtoto husajiliwa kupitia shule. Jina lake likishafutwa kwenye rejesta, utahangaika wewe. Basi nikampeleka hospitali, kliniki ya masikio, pua na koo, nikapata barua ya daktari, nikaenda nayo kwa mwalimu mkuu nikiwa nimevaa buibui langu zuri na nimeshusha pumzi. Tukakubaliana Babu asomee nyumbani mpaka likizo ya Juni, jina lisiguswe, na kila Ijumaa binti wa jirani anayesoma naye atuletee madaftari tunakili.

Wiki ya kwanza niliharibu. Nilibandika ratiba ukutani, saa mbili hisabati, saa tatu Kiswahili, nikamvisha na sare. Nikasimama mbele yake na rula. Mtoto akaniangalia kama anavyomwangalia yule mwalimu, akaingia uvunguni. Nikaibandua ratiba.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea kwenye baraza yetu Ngamiani, mjini Tanga. Basi shule ikahamia hapo. Asubuhi masaa mawili tu, mtoto mmoja na mtu mmoja hahitaji zaidi. Darasani muda mwingi unaliwa na kusubiri. Hisabati ilikuwa futi ya kupimia: kiuno cha mteja, nusu yake, robo yake, ongeza sentimita mbili za mshono. Chenji zote alitoa yeye, na aliponipunja mia tano tulijua wote wawili. Vitabu vya kiada nilivipata kwenye maktaba ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu Tanzania, bure, gharama ni bando lako.

Kusoma ndiko kulikokuwa kazi. Tulianza na majina ya kanga. Wateja huniletea doti kushona, na kila kanga ina jina lake pale chini ya mji, maneno machache tu, hayamtishi mtoto. Tukasoma pamoja, mimi na yeye, sauti moja, kama madrasa. Halafu nikawa napunguza yangu polepole katikati ya sentensi mpaka anabaki peke yake bila kushtuka. Akikwama, nilijifunza kunyamaza. Usimmalizie neno. Usimwambie "tulia, vuta pumzi", unamzidishia. Mtazame machoni, subiri kama huna haraka ya kwenda popote. Wateja wangu wengine walishindwa, walikuwa wakimmalizia. Mmoja nilimwambia wazi, bi mkubwa, kijana wangu anaongea.

Usidhani zilikuwa siku tamu zote. Kazi za watu zilichelewa, na mwezi wa Aprili niliingiza fedha kidogo sana. Kama unafanya kazi ya kuajiriwa sijui ningekushauri nini, labda shangazi au bibi mwenye subira. Wala si kila mtoto anayegoma ana kigugumizi. Mwingine haoni ubao, mwingine ananyang'anywa hela ya chakula.

Julai tulimrudisha kwa vipande. Kwanza michezo ya mchana peke yake. Kisha vipindi viwili. Niliomba mambo mawili kwa mwalimu mkuu: darasa zima lisome wawili wawili, ili Babu asiwe kituko cha pekee, na fimbo isihusike na kusoma. Hili la pili nilikuwa nimejiandaa, maana kwa utaratibu wa serikali kiboko ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu, visizidi vinne, na mwenye mamlaka ni mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi. Sikulazimika kugombana. Mwalimu wa darasa alisema, "Mama, mimi nilijua anacheza," na nikaona naye ameumia.

Kigugumizi bado kipo. Jumatatu iliyopita Babu akaamka anashika tumbo, moyo ukanipiga paa, nikakaa kitandani nikaanza kuuliza kwa upole ni nani kamfanya nini shuleni. Kumbe ni maembe mabichi ya jirani, kayala jana yake na chumvi na pilipili.