Unasoma hadi usiku wa manane, asubuhi hukumbuki: jibu la aliyekuwa makanga

Dadangu uliyeuliza kwa nini unarudia noti zako za uuguzi hadi usiku wa manane na asubuhi unaamka hukumbuki kitu, kichwa chako hakina kasoro. Kuna waliokushauri ule samaki zaidi. Samaki wa Dunga, ufuoni Kisumu, ni mtamu, lakini mtihani hatakufanyia.

Kabla ya kusomea ualimu nilikuwa makanga, yaani kondakta wa matatu, nissan ya abiria 14, Kisumu hadi Kakamega. Darasani baadaye nikakuta wanasaikolojia Atkinson na Shiffrin, mwaka 1968, wameichora kumbukumbu kwa hatua tatu: ya hisi, ya muda mfupi, ya muda mrefu. Mimi naziita steji, kama vituo vya matatu. Ya kwanza ni kelele zote za Kondele, kituo chetu Kisumu, zinazokupita sikioni. Ulichokitilia maanani tu ndicho kinachopanda gari.

Taabu iko steji ya pili. Natoka Kondele na madeni ya chenji kichwani: mama wa kitenge hamsini, kijana wa kofia mia, mzee wa fimbo ishirini. Narudia kimoyomoyo, hamsini-mia-ishirini, na mambo yako sawa. Tukifika Kiboswa njiani, mtu anachungulia: "Mbale ni pesa ngapi?" Kumjibu tu, orodha yote imemwagika. Mwaka 1959 mwanasaikolojia Peterson na mkewe waliwapa watu herufi tatu, kisha wakawahesabisha kinyumenyume kwa kuruka tatu tatu. Sekunde 18 baadaye herufi karibu zote zilikuwa zimetoweka. Na hao hakuna aliyewavuta shati akidai chenji.

Kwa hiyo ukirudia noti kama kasuku, unaziweka hai palepale steji ya pili. Hazijasafiri. Makanga mmoja mkongwe aliniambia: usikariri watu, kariri viti. Nikaacha kubeba madeni kumi, nikabeba safu nne, kila deni limekalia kiti nilichokijua tangu zamani, kilicho tayari steji ya tatu.

Kama unadhani steji hizi ni hadithi, kuna Henry Molaison, Mmarekani aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953 kwa ajili ya kifafa, sehemu kubwa ya hipokampasi, kiungo cha ubongo kinachosaidia kuweka kumbukumbu mpya, ikaondolewa pande zote mbili. Namba aliishika mradi aendelee kuirudia, akikatizwa, imekwenda. Lakini alifundishwa kuchora nyota huku akitazama kioo, na mkono ukazidi kuwa hodari siku hadi siku, mwenyewe akiona kila mara ndiyo mara yake ya kwanza. Hapo mchoro wa 1968 unapwaya kidogo, maana steji ya mwisho si moja: ujuzi wa mkono una njia yake, kumbukumbu za matukio zina yake.

Leo usiku funga noti mapema. Chukua karatasi tupu, andika dalili za mtoto aliyeishiwa maji mwilini ukimfikiria mtoto unayemjua kwa jina. Ukikwama, ndipo ufungue. Kisha lala, ubongo unapanga mizigo wakati huo.

Yule mzee wa fimbo nilikutana naye Chavakali miaka mingi baadaye. Ishirini yake hakuwa ameisahau.